Mlezi wa Bweni na Nyumba ya Awamu ya Pili

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya zahanati alikofanya kazi baba. Mama alikuwa fundi cherehani. Watoto wote sita walilala chumba kimoja, na dada hakuwa analala mpaka ahakikishe kila mmoja amefunikwa. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa kumfuata, mmoja wa waliofunikwa. Amepewa kazi hii kwa sababu wengine wote wameikimbia, na anaomba mumvumilie.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962, kisha akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana iliyokuwa chini ya kanisa. Huko alichaguliwa kiranja wa bweni, na kwa kusema kweli cheo hicho hakukivua mpaka siku ya kustaafu. Mwaka 1975 alihitimu chuo cha maarifa ya nyumbani, akaajiriwa hospitalini kutunza stoo ya mashuka.

Hapo stoo ndipo alipompata mumewe. Alikuwa seremala aliyeitwa kurekebisha mlango mmoja, akaurekebisha kwa wiki mbili. Shemeji si mvivu, kila mtu hapa anajua kazi ya mikono yake, ila mlango wenyewe ulikuwa unatazamana na stoo. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, na Mungu akawajalia binti na mwana.

Mwezi Januari 1984 aliitwa kazini chuo kikuu cha kanisa, awe mlezi wa bweni la wasichana. Chuo kilikuwa bado kichanga: madarasa manne, jiko la mabati, kanisa lisilo na madirisha, na bweni moja la ghorofa mbili. Sharti la kazi lilikuwa moja. Mlezi alale bwenini, katika chumba kilicho chini ya ngazi, na mwanamume yeyote asivuke mlango wa ndani. Dada aliuliza, “Na mume wangu je?” Akaambiwa ni suala la muda tu. Nyumba ya mlezi imo kwenye ramani, nyuma ya bweni, imechorwa hadi na mti wake. Itajengwa awamu ya pili.

Basi shemeji akapanga vyumba viwili ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la nyuma, akafungua karakana yake hapo. Watoto walilala na mama yao bwenini. Kijana alipotimiza miaka saba, kamati ya chuo ilikaa ikaona naye sasa ni mwanamume, akahamishiwa kwa baba yake na godoro lake kichwani. Tangu siku hiyo wanawake wa familia walikuwa ndani ya ukuta na wanaume nje. Dada alikuwa akisema jambo hilo kama mzaha, lakini mdogo wake anajua lilivyokuwa likimuuma.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Bafu zilikuwa chache na wasichana wengi, kwa hiyo foleni ya alfajiri ilihitaji mwamuzi. Chumba cha kupigia pasi kilikuwa na soketi moja, na Jumamosi jioni, kila mtu akiandaa nguo ya ibada, pale palikuwa na vita. Taa zikififia kidogo alijua kuna mtu kachomeka hita ya maji, na alipanda ngazi moja kwa moja hadi mlangoni. “Fungua, mwanangu, mimi nami nataka chai.” Wasichana walimwita Mama Zima Taa. Walimkimbia mchana na kumtafuta wakiugua, wakifiwa, wakiachwa. Walimpenda, na alikuwa anachoka.

Majengo yalizidi kuja. Ilikuja maktaba. Ukaja mkahawa wa wanafunzi, chumba cha kufulia, uwanja wa mpira wa kikapu, kisha nyumba ya wageni kwa ajili ya wahubiri wanaotoka mbali. Kanisa likapata madirisha na mnara. Kila jengo lilikuwa na maana yake, ndiyo maana hakupata wa kugombana naye. Utamwambiaje mtu kwamba unataka sebule wakati wanafunzi wanasoma wamesimama? Alikwenda kwenye kamati, akasikilizwa kwa heshima, wakasali, akarudi chini ya ngazi. Nyumbani kwetu maneno “awamu ya pili” yakageuka msemo. Kijana akitaka baiskeli, baba yake alimjibu, “Awamu ya pili.” Kiti kikivunjika, awamu ya pili.

Jumapili baada ya ibada shemeji alikuja kumtembelea mkewe. Walikaa kwenye benchi la wageni, ukumbini, mbele ya watu wote, na saa kumi na mbili jioni dada mwenyewe aligonga kengele ya kutoa wanaume nje. Shemeji alitoka na vijana wenye umri wa mwanawe. Basi mwaka mmoja viongozi wapya wa wanafunzi walikwenda kwa mchungaji wa chuo, naye mgeni, wakiwa na uso wa msiba.

“Mchungaji, tunasikitika kusema. Mama ana mtu.”

“Mtu gani?”

“Mtu mzima kabisa. Kila Jumapili. Juzi kamletea na maembe.”

Dada akaitwa ofisini. Mchungaji alizunguka weee, akaongelea ushuhuda mwema, akaongelea macho ya vijana, mwisho akasema, “Mama, inasemekana kuna mwanamume.”

“Yupo, Mchungaji.”

“Yupo?”

“Yupo tangu mwaka themanini na moja. Tumeshazaa naye wawili. Ninyi ndio mmekataa nikae naye.”

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, na dada alicheka naye. Kisha alishuka chumbani kwake, akafunga mlango akalia, kwa sababu watu wale walikuwa wameona sawasawa: alikuwa anachumbiwa na mumewe kwenye benchi. Wasichana waliomba radhi, wakambatiza shemeji jina la Mchumba, nalo likamganda. Wengi wenu hapa hamlijui jina lake jingine.

Wapo waliomuuliza kwa nini asiache kazi. Karo za watoto zilitoka pale. Na kila mwaka aliambiwa mwaka ujao. Mtu akishasubiri miaka kumi, kuondoka ni kama kukubali kwamba alisubiri bure. Hilo alimwambia mdogo wake.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2015. Alisherehekewa, akapewa blanketi, akavuka barabara na sanduku lake. Jumapili ya kwanza walishinda pamoja vizuri. Ilipokaribia magharibi shemeji alinyanyuka akaanza kuvaa viatu.

“Unakwenda wapi?” dada akamuuliza.

“Nyumbani.”

“Kaa chini, Mchumba. Nyumbani ni hapa.”

Shemeji alikaa, kiatu kimoja mguuni. Dada alisimulia kisa hicho mara nyingi na hakuwahi kukimaliza bila sauti kukatika.

Nyumba ya mlezi ilijengwa mwaka uliofuata. Ina sebule, vyumba viwili, jiko, na bafu la ndani. Hata mti ulipandwa. Kabla mlezi mpya hajahamia, ofisi ya ujenzi iliingia humo kwa muda, ikingoja jengo lake yenyewe, ambalo limo awamu ya tatu.

Maradhi yalianza kwa kuvimba miguu mwaka 2020. Daktari alimtaka afanye vipimo vya figo, naye akamjibu, “Awamu ya pili, daktari,” akacheka, daktari asielewe anachekea nini. Aliporudi hospitali mambo yalikuwa yameharibika. Alilazwa mwezi Septemba 2023, akaomba kurudishwa nyumbani. Alisema amelala kwenye majengo ya taasisi ujana wake wote, hataki kufia kwenye jingine. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Oktoba, kitandani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, ambaye katika miaka arobaini na miwili ya ndoa alikaa naye chini ya paa moja miaka michache ya mwanzo na minane ya mwisho. Ameacha binti yake, muuguzi, mwanawe, seremala kama baba yake, wajukuu wanne, dada mmoja na kaka wawili, na wasichana aliowalea bwenini, ambao tunawaona wamejaa hadi barabarani, wengine sasa ni bibi za watu.

Wajumbe wa chuo walifika nyumbani juzi kutoa pole. Walisema wameamua nyumba ile ipewe jina la marehemu, na jiwe la ukumbusho liwekwe ukutani. Familia inashukuru. Shemeji aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mlezi wa sasa anakaa wapi?”

Wakamwambia, chini ya ngazi.

“Ana mume?”

Wakasema anaye. Huja Jumapili.

“Basi jiwe acheni. Toeni meza zenu mle ndani, mpeni huyo mama ufunguo.”

Familia nzima inasimama na neno hilo, na wenye chuo mko hapa, mmelisikia mbele ya jeneza.

Dada yetu apumzike kwa amani. Alikuwa amechoka sana.