Usiku wa Ijumaa Ni Upi?

Kijiwe cha Barabara ya Tisa, Ngamiani, kina benchi moja tu, nalo ni kiti cha nyuma cha Peugeot ambayo mwenyewe hakumbukwi. Wanaokaa hapo husubiri matatizo ya watu kama wengine wanavyosubiri kahawa ipoe. Asubuhi ya Jumapili lilifika la Sabiri, mpokea wageni katika hoteli moja ya ufukweni. Shati lake la kazi lilikuwa limepigwa pasi, uso haukupigwa. Meneja alimpa mpaka adhuhuri ajieleze kwa maandishi kwa nini hakuonekana kazini usiku wa Ijumaa, wageni kutoka Arusha wakalala ndani ya gari lao getini. Asipoeleweka, kazi hana.

— Ulikuwepo au hukuwepo? aliuliza Mudathir. Aliwahi kumdhamini shemeji yake mahakamani, na tangu hapo aliitwa Wakili.

— Nilikuwepo! Ratiba kwenye simu imeandika: Sabiri, usiku wa Ijumaa. Alhamisi jua lilipozama nikaingia mapokezi, nikatoka asubuhi.

— Sasa kosa liko wapi? akashangaa Badru, ambaye walimwita Mwandamo kwa sababu kila Ramadhani aligombana na watu juu ya mwezi. Alhamisi magharibi ikiingia, Ijumaa imeshaanza. Bibi yangu alisoma Yasini usiku huohuo, hizo simu hazijazaliwa.

— Meneja anasema usiku wa Ijumaa ni baada ya mchana wa Ijumaa.

— Huo ni wa Jumamosi!

— Ndivyo nilivyomwambia. Akasema nisilete dini kazini.

— Dini? Hicho ni Kiswahili, bwana!

Nehemia wa Pongwe akajikohoza. Baba yake alikata mkonge maisha yake yote, naye, kwa urefu wa maneno yake, aliitwa Kamba.

— Hiyo ratiba imetengenezwa Ulaya. Kule kuna nchi kiangazi jua halizami. Mtu hana magharibi, siku yake itaishaje? Ndiyo maana wanaibadili saa sita ya usiku.

— Watu wamelala! akadakia Wakili. Shahidi nani? Sisi tunabadili siku jioni, kila mtu anaona. Wao wanaibadili gizani. Hapo ndipo mishahara inapochomolewa.

— Kumbe!

— Tena ngoja. Umeingia jioni, umetoka asubuhi. Kwa hesabu yao umevuka saa sita, umefanya siku mbili.

— Na kwa hesabu yetu? aliuliza Sele, muuza kahawa, akisuuza vikombe.

— Moja. Jumla tatu. Wakulipe tatu.

— Na usiku wa Idi je? Mwandamo alikuwa keshasimama. Sikukuu hulipwa mara mbili. Kila aliyekesha jikoni usiku wa kuamkia Idi na akalipwa kama siku ya kawaida, anadai!

— Tangu enzi za Mjerumani, akaongeza Kamba. Warithi wajiandae.

Sabiri alicheka nao, ingawa alikuwa akitafuta sentensi moja tu ya kumwandikia meneja.

— Mbona simu haikusema chochote ulipofika? aliuliza Sele.

— Nilibonyeza “nimefika”, ikaniambia “huna zamu”. Nikajua mtandao.

Wote wakatikisa kichwa. Mtandao wanaujua.

Kitu kimoja Sabiri hakukisema. Hakukificha, hakuna aliyemuuliza, na yeye mwenyewe alikiona kidogo. Jioni ile alimkuta Devota, binti mgeni kazini kutoka Soni, ameshabonyeza simu yake na kukaa mezani. Ratiba yake ilisema usiku wa Alhamisi. Sabiri alimcheka kikaka: “Usiku wa Alhamisi ulikuwa jana, dada. Leo wangu. Nenda kamnyonyeshe mtoto.” Devota alishukuru, akaenda bila kubonyeza “nimetoka”.

Barua ikaandikwa hapohapo kwenye simu, Wakili akiisoma kwa sauti ya mahakamani. Magharibi ilitiwa, Kiswahili kikatiwa, na kiangazi cha Ulaya kikapata aya yake. Mwisho Wakili akasema barua haina meno bila shahidi, ikaongezwa: “Mlinzi wa getini atathibitisha kuwa usiku ule mapokezi nilikuwa peke yangu mpaka kunakucha.”

Sabiri akatuma. Kahawa haijapoa, jibu likaja. Akalisoma mara mbili kabla ya kuwasomea: “Nimekuelewa. Endelea na kazi.”

Kijiwe kililipuka. Wakili alipokea mikono kama bwana harusi. Mwandamo alitaka barua ipelekwe bungeni.

Kelele zilikuwa hazijatulia Devota alipotokea pembeni mwa duka, mtoto mgongoni, simu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu! Umekuja kumpongeza mwenzio?

— Meneja kanipigia sasa hivi. Anasema simu inaonyesha usiku ule mimi nilikuwa kazini mpaka asubuhi, na Sabiri kaandika alikuwa peke yake. Devota hakuwa na hasira. Alimgeukia Sabiri kama mtu anayeuliza njia. Kaka, ananiuliza nilikuwa wapi. Nimjibu nini?

Mwandamo akatazama juu, wakati wa mwezi haujafika. Wakili akakiinua kikombe kilichokuwa kitupu, akanywa. Sabiri akaifungua tena barua kwenye simu. Aya ya kwanza ilikuwa habari za magharibi.

— Kaa kwanza, mwanangu, akasema Kamba.

Benchi lilikuwa limejaa. Hakuna aliyesogea.