Maneno ya Kuombea Maiti

Ndani ya basi, mwalimu kijana alijifanya anasinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, ambako fundi cherehani wa mavazi ya filamu alikuwa akimmwagia mama mmoja uchungu wake. “Wanatengeneza filamu ya utenzi wa kale wa Wagiriki, mama, wamemwaga mapesa kama mchanga, halafu wanakata pale baba mzee anapomwendea adui kuomba maiti ya mwanawe! Eti hakuna mapigano, watu watapiga miayo.” “Kwani alipewa?” “Alipewa. Alimbusu muuaji mikono.”

“Mikono nimeshabusu, baba,” mama akasema. “Mwanangu wamemuua, na mwili bado wamenikatalia. Huyo mzee alisema maneno gani?”

Fundi hakuyajua, yeye alishona joho la mzee tu. Basi likasimama mbele ya kambi ya jeshi. Mama akainuka, sanda kwapani, bado anamtazama fundi mdomoni.