Chewa wa Kilo Kumi na Saba Alikuwa wa Évariste

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 8 Juni 2019, ni Évariste Wilondja Mmunga. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Mboko, Fizi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mmunga na Mama Mwatumu. Siku aliyozaliwa alilia kwa sauti iliyofika Rumonge, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hata watu wa kule wakashuka ufukweni wakidhani meli imeingia.

Alisoma shule ya msingi hapo Mboko tangu 1975 hadi 1981. Sekondari aliiacha mwaka wa tatu, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa kuwa baba yake alifariki na nyumba ikahitaji mikono. Mikono yake ilijua ziwa. Akiwa na miaka kumi alikuwa akivua kuhe, samaki wakubwa wa ziwa lile, kwa mshipi aliousokota mwenyewe, na mama yake hakununua kitoweo miaka miwili. Mwaka 1986 alikwenda Uvira kujifunza ushonaji. Vita vya 1996 vilimkuta na cherehani kichwani, akavuka nayo hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akawashonea wakimbizi wenzake kwa miaka saba.

Alifika Johannesburg mwezi wa Agosti 2003. Wengi wenu mnamjua kwa duka lake dogo la Kensington, ukuta mmoja na saluni, alikoshona sare za shule na suti za harusi. Vitambaa alivichagua mwenyewe Fordsburg, akivivuta na kuvinusa hadi wenye maduka wakachoka. Mteja akidanganya kipimo cha kiuno, Évariste hakubishana naye. Alisema tu, "Sawa, mama, lakini kitambaa hakina adabu, kitakusema mbele za watu." Hakumwibia mtu hata shubiri moja.

Alifunga ndoa na Emérite tarehe 17 Desemba 2005. Emérite ni mzaliwa wa Rumonge, ingawa anasema kile kilio hakukisikia. Mungu aliwapa watoto wawili, Murielle mwaka 2006 na Glody mwaka 2009, wote wazaliwa wa hapa Joburg. Watoto hawa Kiswahili wanakisikia, lakini hukijibu kwa Kiingereza, na ziwa hawajaliona. Baba yao alipowasimulia habari za Mboko, waliangaliana. "Sharp, Papa," Glody alikuwa akisema, yaani sawa, kama mtu anayemfungia mlango mgeni. Jambo hilo lilimuuma Évariste kuliko alivyokubali kusema. Alitaka siku moja awaletee kitu cha kushikwa kwa mikono, waamini kwamba baba yao alikuwa mtu kabla hajawa mkimbizi.

Basi katika baridi ya Julai 2018, wanaume sita wa kanisa letu walipochanga kukodi boti ya uvuvi kule Durban, Évariste alikuwa wa kwanza kuandika jina. Aliyepanga safari ni Bwana Ignace, shemasi wetu, ambaye asubuhi ya leo amekaa mstari wa pili. Waliondoka Ijumaa tarehe 13 kwa kombi. Jumamosi kulipokucha boti ikatoka bandarini hadi nchi kavu ikawa mstari tu, kwenye miamba wanakokaa chewa, samaki wale wa mdomo mpana. Upepo ulikata masikio.

Kwenye boti ile alikuwapo Bakiri, kijana wa Mtwara, mfanyakazi wa nahodha. Bakiri aliwapa uzi wa kufungia chambo, wa mpira, usio na rangi, ili dagaa asitoke kwenye ndoana. Wenzake wote waliutumia huo. Évariste akacheka. "Mimi ni fundi," alisema, "nifungiwe chambo kwa uzi wa watu?" Akatoa mfukoni kibonge cha uzi wake wa rangi ya damu ya mzee, ule wa kushonea sare, akamzungushia dagaa mara ishirini na kumkaza kama tundu la kifungo.

Saa nne mshipi wake ukavutwa. Alipigana na samaki yule nusu saa, miguu imekanyaga ubavu wa boti, akikataa kila aliyetaka kumpokea. Samaki alipokaribia juu ya maji, mshipi wa Ignace ukajisokota na wake. Bakiri akamtia samaki kulabu, akampandisha. Hapo Évariste, aliyekuwa amezuia kichefuchefu tangu asubuhi, akageukia upande wa pili kutapika. Aliporudi, samaki alikuwa mikononi mwa Ignace na simu zilikuwa zimeinuliwa.

"Pigeni haraka," Ignace alikuwa akisema, "mkono umechoka kwa kumvuta."

"We shemasi," Bakiri akamwambia, "chewa ni wa mzee fundi. Dagaa wako huyu hapa, bado yuko kwenye ndoana yako, anakutazama."

"Wewe fanya kazi yako."

"Kazi yangu ndiyo hii, baba. Kujua nani amevua nini."

Wengine wanne walicheka, wakapiga picha. Kabla boti haijafika bandarini picha ilikuwa imekwisha ingia kwenye grupu la kanisa: Ignace na chewa wa kilo kumi na saba, na chini yake shukrani kwa Mungu. Jumapili samaki alipikwa baada ya ibada. Kichwa alipewa mchungaji. Évariste alipewa mkia.

Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, alipofika nyumbani kutoka Durban, Murielle alimkimbilia na simu ya mama yake. "Papa, anko Ignace amekamata samaki mkubwa hivi! Wewe umekamata nini?"

Évariste alitazama picha, akamtazama mtoto. "Baridi," akasema.

Nyumba nzima ilicheka, naye akacheka. Lakini kuanzia siku hiyo hakuwasimulia tena watoto wake habari za ziwa, hata neno moja. Alikuwa amerudi na kikohozi, na mama yake, anayeishi nao hapa, alipomkanda kifua kwa mafuta ya moto, ndipo akamweleza yote. Mama akainuka kutafuta viatu amwendee Ignace. "Mama, achana nayo," Évariste akamshika kanga. "Yule ni shemasi. Kanisa litapasuka kwa sababu ya samaki?" Akamwapisha anyamaze. Mama akanyamaza karibu miezi kumi na moja, na kila Jumapili akampa Ignace mkono. Ahadi ilikuwa ya uhai wa mwanawe. Uhai huo umekwisha.

Kikohozi hakikutoka tena. Mwezi wa Novemba hospitali ilimpiga picha ya kifua, Februari ikamlaza, Mei ikamlaza tena. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa kwenye mapafu muda mrefu kabla ya Durban. Emérite ameyapokea maneno hayo. Mama Mwatumu bado. Évariste alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunajua yanayonong'onwa, kwamba Mama Mwatumu huongeza chumvi. Kweli. Kilio cha Rumonge kina chumvi. Habari ya chewa haina hata punje. Bakiri ameithibitisha kwa simu Jumatano hii, na picha ya Ignace mwenyewe tumeikuza kwenye ukurasa wa mwisho wa programu. Msitazame meno ya shemasi, tazameni mdomo wa samaki. Uzi unaoning'inia pale una rangi gani? Nani mwingine kwenye boti ile alikuwa fundi?

Jumanne Ignace alikuja matangani na boksi la chai, akaomba awe miongoni mwa watakaobeba jeneza. Emérite, ambaye hajui kumkatalia mtu, akapokea boksi. Mama akamjibu: "Utabeba. Kwanza waite Murielle na Glody, uwaambie samaki alikuwa wa nani." Ignace akatazama saa yake, akasema wakati wa msiba si wakati wa mambo madogo. Akaondoka. Mambo madogo! Umbo la baba machoni pa watoto wake!

Marehemu ameacha mjane, Emérite. Watoto wawili, Murielle na Glody. Na mama yake mzazi, Mwatumu, mwenye miaka sabini na miwili na goti moja zima.

Mtaona kwenye programu kwamba wabeba jeneza wameandikwa watano. Nafasi ya sita tumeiacha tupu. Watoto wamekaa hapa mbele, na kutoka mstari wa pili ni hatua nne. Ignace akizitembea na kuwaambia, nafasi ni yake, wala hakuna atakayeligusa jambo hili tena. Asipozitembea, mama wa marehemu ataingia chini ya jeneza yeye mwenyewe, kwa goti hilohilo.

Évariste apumzike kwa amani, na asibebwe na mwongo.