Upepo Uliozidi

Mume wa mwanamke mmoja alifariki Jumanne mchana, tairi la mbele la lori lake lilipopasuka mteremkoni. Miezi mitano baadaye, mjane huyo alikaa kwenye basi nyuma ya wanaume wawili wasiojuana, dereva wa lori na fundi wa matairi, waliokuwa wakibishana.

"Mzigo mzito unataka upepo mwingi," alisema dereva. "Mimi nagonga tairi kwa nondo. Likilia kama ngoma, naondoka."

"Kaka, sikio si kipimo," alisema fundi. " Ukilijaza kupita kiasi asubuhi, jua la mchana linauongeza upepo. Hapo shimo dogo tu la barabarani linatosha kulipasua."

"Miaka ishirini sijapasukiwa."

"Waliopasukiwa hawapo hapa kutusimulia."

Dereva akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kufundishwa. "Sema tu unauza vipimo vya upepo, fundi."

Marehemu naye aligonga na kusikiliza vivyo hivyo kila alfajiri, na mkewe akiona ndio ujuzi wenyewe. Alitaka kumgusa dereva begani amsimulie. Basi likasimama, dereva akashuka bado anabisha.

Lori la mumewe limeshatengenezwa. Kuanzia kesho ataliendesha shemeji wa mjane, ambaye kazi, hata kugonga matairi, alifundishwa na marehemu.