Nyongeza Ambayo Mwenye Duka Hakunipa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni bibi wa Kumsenga, shule niliiacha darasa la pili, basi msinitafutie maneno mazuri. Nimesimama kwa sababu Mungu amenitoa mahali pabaya, na mahali penyewe ni mafuta ya mawese.

Nina rafiki yangu anaitwa Skola. Tumelima pamoja tangu tukiwa wasichana. Yeye alipata kazi ya kupima mafuta kwenye duka la Hajji, Kibondo mjini. Mnajua desturi yetu: ukinunua, unaongezewa kidogo, ndiyo nyongeza. Skola akanipimia lita yangu, akaniongezea. Halafu akajaza chupa nyingine nzima, akaifukia chini ya kabeji kwenye kikapu changu. "Beba, mwenzangu," akasema. "Urafiki wetu ni wa bure?"

Nikabeba! Kila siku ya soko nikabeba. Ndugu zangu, mafuta hayo niliyaleta hata hapa kanisani, kwenye chakula cha akina mama, nikashukuru mbele yenu kwamba Mungu ananibariki. Nilimsingizia Mungu!

Hajji akaanza kuona madumu yanaisha mapema. Pale dukani yupo Mama Neema, mjane, mnamwona pale benchi la mbele. Kazi yake ilikuwa kuosha madumu. Hajji akamshuku yeye, akamwambia abaki nyumbani mpaka mwizi ajulikane. Na Skola akanyamaza.

Mama Neema akaja kwangu mchana akilia. Akasema, "Bibi, niombee. Imana amwonyeshe mwizi, watoto wangu wasife njaa." Huyo Imana ndiye Mungu kwa lugha yetu, na anasikia lugha zote. Na maharage yangu yanachemka hapo jikoni, mekundu kwa mafuta ya Hajji! Nilifumba macho niombe. Neno halikutoka. Nikamwambia nina kikohozi. Mimi, mzee wa kanisa!

Alipoondoka nilikaa chini kama mgonjwa. Nikajiambia nyongeza ni desturi, kila mtu anapokea. Moyo ukakataa. Nyongeza hutolewa na mwenye mali, akiwa anaona. Chupa gani ya halali inafichwa chini ya kabeji?

Asubuhi nikaenda kwa Skola kabla hajafungua duka. Nikamwambia, "Twende kwa Hajji tukaseme." Akaruka! "Wewe bibi, unataka kunizika? Mafuta umekula miezi yote hayakukukaba, yanakukaba leo?"

"Leo yamenikaba," nikamjibu. "Mimi nitasema kilichoingia kwenye kikapu changu. Cha kwako kaseme mwenyewe."

Nikatangulia. Nikafika dukani. Hajji kaniona, kwa heshima yake akasema, "Shikamoo, bibi." Ndugu zangu, nikamwambia asiniamkie kwanza! Nikasema yote nikiwa nimesimama. Nyuma yangu nikasikia kandambili. Ni Skola. Akasema, "Ni mimi niliyempa. Mama Neema hajui kitu."

Hajji akasema, "Bibi, si ungeniomba tu? Ningekupa." Hilo liliniuma kuliko matusi. Siku ileile akaenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Neema, akamwomba radhi mbele ya majirani, akamrudisha kazini. Skola alitolewa kwenye kupima, sasa anachambua maharage stoo. Ameninunia mpaka leo. Namwombea, na kila siku ya soko nampitia kumsalimia, ajibu asijibu.

Mama Neema nilimwendea mwenyewe. Nikapiga magoti, na magoti yangu mnayajua yalivyo. Akaniinua. Akasema, "Bibi, nimekwisha kusamehe, ila kile kikohozi kilinishangaza." Tukacheka mpaka tukalia.

Oo, nimekuwa mwepesi, ndugu zangu! Jioni ile nilikula maharage ya chumvi tupu, na yalishuka vizuri kuliko yote. Asante Yesu!

Sasa nakuambia wewe ambaye rafiki yako anakupitishia vitu mlango wa nyuma wa kazini kwake. Dawa, saruji, sukari, vyovyote. Usiseme umebarikiwa. Angalia nani amerudishwa nyumbani kwa ajili yako. Ukiogopa kwenda kusema peke yako, njoo kwangu hata kesho asubuhi. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, na Mungu aliyenishika mimi ataingia na wewe. Amina.