Risala ya Wafanyakazi wa Chumba cha Macho Kuhusu Mbwa wa Mwenyekiti

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu ya wanyama. Daktari wetu wa macho. Wenye mbwa mlioketi kwenye mabenchi. Na nyinyi wapiga picha mlioziba mlango, hamjambo.

Sisi wauguzi, wahudumu na wasafishaji wa chumba cha upasuaji wa macho tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja kufungua chumba kilichokarabatiwa, na umekuja na mbwa wako, Malkia, ili awe wa kwanza kutolewa mtoto wa jicho humu ndani huku picha zikipigwa. Tumefurahi kwamba unatuamini. Ila kuna jambo ni lazima ulisikie kabla Malkia hajapandishwa mezani, na tumekubaliana kulisema hata kama litatuponza.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa stoo ya chakula cha kuku. Daktari wetu alianza na taa ya kuazima na meza iliyoyumba, tukaiwekea kipande cha tofali mguuni. Wenzetu wa upande wa ng'ombe walitucheka: "Nyie sasa mtawavalisha mbwa miwani?" Leo wanatuletea mbwa wao, tena wanataka wasipange foleni.

KAZI YENYEWE

Watu hudhani mbwa analazwa kwa sindano moja tu, basi. Wapi! Kwanza tunamchoma dawa ya kutuliza ili hofu imtoke. Kisha anapewa dawa ya usingizi. Na kwa kuwa jicho la mbwa aliyelala hugeukia chini likajificha, tunampa dawa ya kulegeza misuli. Jicho linasimama katikati na daktari anafanya kazi yake. Dawa hiyo inalegeza hata misuli ya kupumua, kwa hiyo tunampumulisha sisi mpaka imwishe mwilini.

Sasa, Mheshimiwa, dawa hizi zikikutana mwilini hazikai kama wageni wasiojuana. Ile ya kutuliza inaweza kubadilisha muda wa ile ya kulegeza. Mbwa mmoja hurudiwa na nguvu upesi, mwingine hubaki amelegea kupita tulivyozoea. Na kwa kutazama tu, mbwa mwenye usingizi na mbwa aliyelegea wanafanana kabisa.

YALIYOMKUTA SHANGAZI

Shangazi ni mbwa wa mlinzi wa ghala, yule kaka aliyeketi benchi la mbele. Siku yake, dawa ya kutuliza tuliyoizoea ilikuwa imeisha, stoo ikatuletea nyingine bila kusema neno. Muda wa kumwamsha tukaukadiria vilevile kama zamani. Upasuaji ulikwenda vizuri mno. Tukafunga dawa ya usingizi, tukangoja, akaanza kuvuta pumzi ndogondogo. Hakutikisika. Tukasema, "Mwacheni, bado anasinzia," na mmoja wetu akashika bomba la kupumulia tayari kulichomoa.

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni. Akamwita, "Shangazi, mama, amka twende." Sikio halikucheza. Lakini mashine ya moyo ikaanza kulia harakaharaka. Akanyamaza, ikapoa. Akaita tena, ikalia tena.

"Jamani, ananisikia huyu!" akasema. "Mbona hanijibu?"

Alikuwa macho. Alisikia kila kitu na hakuweza kuinua hata kope. Tuliushika mfuko wa hewa tukaukamua kwa zamu hadi viganja vikafa ganzi, mpaka akaweza kuinua kichwa. Alipona. Mwenzetu aliyeshika bomba alikwenda kukaa nyuma ya jengo akalia, nasi tukamfuata tukalia naye. Hatutaki kuiona tena siku ile.

OMBI

Kipo kifaa kidogo, kinaenea mfukoni. Kinagusa mshipa wa fahamu wa mguu kwa umeme hafifu. Unyayo ukicheza, unajua misuli imerudi kiasi gani. Tumekiomba mara nyingi, na kila tukiomba tunajibiwa kwamba mambo yanashughulikiwa. Tukaletewa vigae, pazia, na jiwe la ukutani lenye jina lako. Vigae ni vizuri, kusema kweli, vinasafishika. Lakini Shangazi hakuponzwa na sakafu.

Tunaomba kifaa hicho. Tunaomba pia stoo isibadilishe dawa ya kutuliza kabla ya kumwambia daktari. Hatuombi posho leo, wala hatuombi sare.

MSIMAMO WETU

Mpaka kifaa kifike, hakuna mbwa atakayepewa dawa ya kulegeza misuli humu ndani. Daktari wetu yuko pamoja nasi katika hili. Tunajua wapo watakaosema, "Huyu ni wa Mwenyekiti, mfanyieni tu, Mungu yupo." Tunajua pia kwamba mkubwa akikaza sauti, mtu mwenye watoto wa kusomesha hunywea. Tunajijua. Ndiyo maana tumejifungia njia wenyewe.

Mheshimiwa, uliambiwa Malkia asile kitu tangu jana, nawe ukatii. Asante sana. Asubuhi hii, ulipokuwa ofisini ukinywa chai, tumemlisha. Nyama ya kuchemsha, bakuli zima, akalamba mpaka likang'aa. Tulimlisha sote, kila mmoja kwa mkono wake, kwa hiyo usihangaike kumtafuta aliyefanya. Mbwa aliyeshiba halazwi kwa dawa, maana anaweza kutapika akapaliwa. Hata ukitufukuza sote sasa hivi, leo hapasuliwi.

Utuwie radhi kwa kukuharibia shughuli. Mungu akupe afya na moyo wa kutusikia, na akulindie Malkia. Mlete tena siku kifaa kitakapokuwa mezani, tutampokea kama mwanetu. Kwa sasa yuko uani, amejinyoosha juani na tumbo lake; ukimaliza kukata utepe, mchukue umrudishe nyumbani akiwa mzima.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Upasuaji wa Macho,
sote tuliomlisha.