Mgeni wa Wimbo wa Tano

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Asiatique, kati ya duka la vitambaa la Tajudini na kibanda cha spea za baisikeli cha Massoudi, na benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Saa nne asubuhi, wateja wa kwanza wakishapungua, tunakaa hapo kunywa kahawa ya tangawizi ya Saliha, na sikumbuki jambo lolote la dunia hii lililowahi kutushinda. Mimi ni fundi wa simu, kwa hiyo simu yenye sauti kubwa ni yangu, na wiki hiyo ilikuwa ikipiga kitu kimoja tu: albamu mpya ya Delestaji.

Delestaji ni vijana watatu wa Buterere, wanaume wawili na msichana anayeitwa Nella, wanaopiga muziki wa kompyuta. Jina wamelitoa kwenye mgao wa umeme, ambao sisi hapa Bujumbura tunauita hivyo kwa Kifaransa, na wenyewe wanasema walianza kutengeneza midundo yao kwa betri ya gari. Albamu mbili za kwanza hazikuwa na mtu anayeimba wala anayeshika chombo. Mashine tupu, na tulizipenda hivyo hivyo. Sasa hii ya tatu, waliyoiita Tuko Wengi, ina nyimbo tisa na kila wimbo una mgeni wake. Kijiwe kikapasuka vipande viwili siku ile ile ilipotoka.

Upande wa kuisifu alikuwepo Tajudini, tunayemwita Antena kwa sababu hakuna habari inayompita, na hata ile ambayo haipo anaikamata. Yeye aliona wageni wameiinua Delestaji mpaka Ulaya. Upande wa kuilaani alikuwa Saliha mwenyewe, na huyo hana mchezo. Saliha alikuwa akimimina kahawa kwa mdundo wa albamu ya kwanza, birika lilikuwa linajua lini lishuke, na sasa anasema wale wageni wamekuja na shida zao. Dada wa wimbo wa pili, yule aliyerekodi kutoka Brussels, analia kitu ambacho hakitaji. Akina mama wa wimbo wa nne wanapiga matari vizuri sana, lakini ni matari ya harusi, basi yabaki harusini. Mashine, alisema Saliha, haikuulizi unajisikiaje, ndiyo maana alikuwa anaipenda.

Massoudi, yaani Pedali, hakuwa upande wowote, kazi yake ilikuwa kuwachokoza wote wawili. Alikuwa fundi wa baisikeli miaka ishirini hadi baisikeli zilipokatazwa katikati ya mji, sasa anauza spea kwa watu wa pembeni, na hasira yake yote ameihamishia kwenye muziki.

Siku ya nne ugomvi ukafika wimbo wa tano. Huo hauna maneno. Ni gita moja inayotembea peke yake dakika sita, na mashine inaifuata nyuma taratibu, kama inaogopa kuisumbua. Kwenye orodha ya wageni wote wameandikwa majina yao, isipokuwa huyo. Wameandika tu: na mgeni wa wimbo wa tano, popote alipo.

– Ule si mutu, alisema Saliha. Ni kompyuta, baliifundisha gita. Mutu hawezi kupiga dakika sita bila kukohoa.

– Mama Saliha, we unasema saa sita nzima na hatujasikia ukikohoa, Pedali akamjibu.

Antena alicheka, akatuambia tunyamaze yeye atueleze. Kwa kikombe cha kwanza, mgeni alikuwa nyota mkubwa wa Kinshasa ambaye mkataba wake unamkataza kutaja jina. Kwa kikombe cha pili alikuwa waziri wa nchi fulani, anapiga gita kwa siri usiku mke wake akilala. Pedali akasema wapi, huyo ni mzungu wa Kinindo, wa shirika, aliyefundishwa gita na mlinzi wake, na anaficha jina ili bosi asimuulize kazi anafanya saa ngapi. Mimi nami sikutaka kubaki nyuma. Nikasema inawezekana mgeni ameshakufa na ile ni kanda ya zamani waliyoiokota. Niliisema kwa raha kabisa, na mpaka leo najilaumu.

Saliha akatupita wote. Alisema hakuna mgeni. Nafasi wameiacha wazi makusudi ili watu kama sisi tugombane na kuwatangaza bure, na ndicho tunachofanya.

– Mi bale batoto nabajua sana, alisema Antena. Nella ananiita papa. Kama hakuna mugeni, angeniambia.

Nikaupiga tena wimbo wa tano, sauti yote, ili Saliha asikie kwamba vidole vile ni vya mtu.

Kumbe mlangoni pa duka la Antena alikuwa amesimama mteja, na sisi hatukumwona. Jina lake Byamungu, mtu wa makamo, fundi cherehani aliyevuka mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, wakati wa vita. Anashona kwenye baraza la mwenzake mtaa wa pili. Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa cha kijani, anasubiri Antena amalize kubishana ampe uzi wa rangi ile. Gita ilipoanza alivua kofia. Akasogea hadi akasimama juu ya simu yangu, akabaki hapo mpaka wimbo ulipoisha.

– Samahani ba papa, aliuliza. Hii gita baliirekodi lini?

Antena alimjibu haraka, kama kawaida yake, kwamba albamu imetoka Ijumaa.

– Apana, papa. Siulizi album. Nauliza gita. Ni siku gani ule mutu aliipiga?

Pedali akanitazama mimi, na mimi nikaitazama simu, nikaanza kutafuta humo. Ilinionyesha tarehe niliyoupakua wimbo. Siku nne tumekaa hapo tunajua siri za mawaziri, na hilo swali dogo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Antena akasema si shida, atampigia Nella sasa hivi. Alitoa simu, akapandisha majina, akayashusha, akayapandisha tena. Saliha akamuuliza.

– Antena. Namba yake uko nayo ao hauna?

– Sina, alisema Antena. Alikuya mara moja kununua kitambaa ya rideau ya dirisha.

Sijawahi kumsikia akisema sina. Siku nyingine ningeifurahia mwezi mzima, lakini uso wa yule mteja haukuniachia nafasi. Saliha alimuuliza kwa upole kwa nini anataka kujua.

Byamungu alieleza polepole, kitambaa bado mkononi. Ile gita ni ya mdogo wake, Vainqueur. Hakuwa na wasiwasi kuhusu hilo. Kuna mahali katikati ya wimbo inapanda juu na kukaa huko, inachelewa kushuka, na mama yao alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni kila jioni kwamba ashuke, chakula kinapoa. Duniani hakuna mwingine anayechelewa vile. Siku waliyotengana risasi zilikuwa zinasikika tangu alfajiri. Yeye alitangulia na mke na watoto kuelekea mpaka, Vainqueur akaenda kumchukua shangazi yao mzee, akasema atakuja nyuma. Ni miezi saba. Simu yake haiiti. Mmoja alisema amemwona huko Fizi, mwingine akasema alipanda mtumbwi, na jirani wa zamani alimwambia aache kutafuta, aweke matanga.

– Kama aliipiga mbele ya ile siku, tuko bado pamoja, ni ukumbusho tu, alisema. Kama aliipiga nyuma, niko na mudogo yangu.

Hapo nilikumbuka ile kanda yangu ya marehemu, nikaona aibu, nikainama kama natafuta kitu chini ya benchi. Saliha aliweka birika chini. Akasema yale maneno ya kompyuta anayarudisha, ni mtu, na anapiga vizuri. Antena alisema kitu kuhusu redio moja anayoijua, kisha akaona mwenyewe hakisaidii, akaacha.

Pedali peke yake hakutoa pole. Aliuliza swali la fundi.

– Gita yake ilikuwa namna gani?

Byamungu akasema ilikuwa ya kutengenezwa nyumbani, tumbo lake limetiwa kiraka cha bati. Na siku zile za mwisho ilikuwa na kamba tano. Ile nene ya juu ilikatikia kanisani siku ya Mungu, Jumapili, katikati ya sadaka, watu wakacheka. Wao walitengana siku ya pili ya wiki, Jumanne. Jumatatu yote Vainqueur alizunguka kutafuta kamba, akakuta maduka yamefungwa.

– Donc siku munaachana, ziko tano.

– Tano. Gita niliibeba mi mwenyewe mupaka kwa mulango, nikamuachia.

Pedali alininyang'anya simu. Aliibana sikioni, akafumba macho, akasikiliza wimbo wote. Miaka tisa tunakaa naye sijawahi kumwona akisikiliza kitu bila kukikosoa. Akaurudisha sehemu moja, akaurudisha tena, mkono wake mwingine ukihesabu juu ya goti.

– Ziko sita, alisema.

– Uko na hakika? Antena aliuliza.

– Sita. Na ile nene si kamba ya gita. Ni waya ya freni ya velo. Kamba ya gita inalia inamaliza. Hii inalia na nyuma yake inakwaruza. Ameifumua, amebakiza nyuzi tatu ao ine.

Antena alitaka kubisha, naona ni mazoea tu, lakini Pedali alikuwa ameshaingia kibandani. Alirudi na waya mpya wa freni ya baisikeli, akaukata kwa koleo, akaufumua. Nyuzi chache zilizobaki akazikanyaga upande mmoja, akazivuta kwa mkono mpaka mshipa wa shingo ukamsimama, akazidonoa. Zililia, na nyuma ya ule mlio kukawa na mkwaruzo. Akaniambia piga wimbo. Nikaupiga. Tulisikia wote, hata mimi ambaye masikio yangu yameshaharibiwa na spika za simu: mlio ule ule, na mkwaruzo ule ule unaokuja kwa kuchelewa kidogo.

– Miaka makumi mbili nakata hizi waya, alisema Pedali. Zinalia namna hii tu.

Nilihesabu taratibu kichwani ili nisije nikasema uongo mbele ya yule mtu. Siku ya Mungu kamba ilikatika. Walipoagana mlangoni zilikuwa bado tano. Mikono iliyofunga ile ya sita iliifunga baada ya hapo, na baada ya kuifunga ikakaa ikapiga dakika sita bila haraka. Lini hasa, bado hatukujua. Nilimwambia Byamungu hivyo hivyo.

Byamungu aliinama akauokota ule waya chini, akaupitisha kati ya vidole kama anavyopima uzi.

– Kwetu nyumbani, mu lupango, kulikuwa velo moja tu, alisema. Yangu. Nilimukatazaka kuigusa tangu tuko batoto. Siku tunakimbia niliifunga kwa dirisha na cadenas, nikakuya na ufunguo.

Alitia mkono mfukoni akautoa, ufunguo mdogo, akatuonyesha. Pedali alimuuliza freni ilikuwa ya aina gani.

– Mupya. Niliibadirisha wiki ile ile.

Saliha alimshika begani, akamkalisha, akamjazia kikombe bila kumuuliza kama anataka. Antena alishaanza kushusha mlango wa duka. Haijatimia saa tano, na mteja mwingine alikuwa anakuja na mkoba wake, lakini Antena alimwambia arudi kesho, sisi tunaenda Buterere. Namba hatuna, alisema, lakini miguu tunayo, na kama ni kuuliza nyumba kwa nyumba wanakokaa wale vijana, yeye kuuliza hajawahi kuchoka. Nikaweka simu mfukoni, nikafunga sanduku langu la vifaa.

Byamungu alikunywa kahawa kwa mara moja, akasimama. Machozi yalikuwa yanamteremka hadi kwenye ndevu na yeye hayafuti.

– Alikata freni yangu, alisema. Freni ya nyuma, mupya. Ba papa, mi nabaambia, huyu nikimuona, nitamupiga.